Bi mkubwa kafanyiwa operesheni ya nyonga, usiku anaongea na marehemu. Ni nini hiki wakuu?

#1 Mtoto wa Iyunga
Wakuu, habari za saa hizi.

Bi mkubwa wangu, miaka 71, aliteleza bafuni kule Mbagala anakoishi na mdogo wangu, akavunjika shingo ya paja. Nikapanda basi la usiku kutoka Mbeya, alfajiri nikashuka Mbezi Luis na kwenda hospitali moja kwa moja na begi langu mgongoni. Jina la hospitali naliacha. Wamembadilishia kichwa cha nyonga, eksirei nimeonyeshwa, chuma kimekaa vizuri. Mchana yuko sawa kabisa. Ananiuliza kama nimekula, ananiuliza mchele wa Kyela umefika bei gani.

Shida ni usiku. Wodi ya akina mama mwanaume hulali, saa ya kuona wagonjwa ikiisha natolewa. Aliyenishtua ni mama wa kitanda cha jirani: "Mwanangu, mama yako halali. Anaongea na mtu." Jana nikambembeleza nesi wa zamu anivumilie hadi saa nne. Nikajionea mwenyewe. Bi mkubwa kashika shuka, analikunja mara nne, anapigapiga mikunjo ikae sawa, analiweka pembeni, kisha analifungua na kuanza upya. Aliuza vitenge Mwanjelwa miaka mingi. Akageuka akamwambia baba apokee hela ya mteja. Baba ni marehemu wa siku nyingi. Nilipomwita, akaniitikia kwa jina la mjomba, halafu akaanza kuvuta mpira wa mkojo.

Asubuhi hakumbuki kitu. Nesi kasema ni nusu kaputi, itaisha. Mdogo wangu anasema haya ni mambo ya ukoo na ameshapata mtu wa kuja kuangalia. Aliyewahi kuuguza mzazi baada ya operesheni kubwa naomba aniambie. Natanguliza shukrani.

#2 Chai ya Rangi
Pole mkuu. Nusu kaputi hiyo. Mshua wangu alipotolewa tezi dume alikuwa anafukuza ng'ombe wodini. Aliporudi nyumbani akawa mzima, na akikumbushwa anakataa katakata.

#3 Mangi Mtoro
Naunga mkono #2. Kwa wazee dawa ya usingizi inachelewa kutoka mwilini. Mpe maziwa fresh, yanaondoa sumu.

#4 Nesi wa Zamani
Mangi, maziwa hayaondoi dawa ya usingizi. Mwache mama anywe kama anayapenda, basi.

Mtoto wa Iyunga, pole. Nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka mingi, unachoeleza tumekiona sana kwa wazee waliovunjika nyonga. Mchana mzuri, usiku anachanganyikiwa, kesho yake hakumbuki. Kusahau kwa uzee hakuji hivyo, kunakuja polepole kwa miezi na miaka. Hiki kimekuja ghafla, maana yake kuna kitu kimekisukuma, na mara nyingi ni vitu vitatu vinne kwa pamoja. Niambie: alilazwa usingizi kabisa au alichomwa sindano ya mgongo? Maumivu anapewa dawa gani? Ana presha au sukari, na vidonge vyake anaendelea navyo? Anakunywa maji? Choo kubwa amepata tangu operesheni? Mpira wa mkojo una muda gani? Na ana miwani?

#5 Mtoto wa Iyunga
Asante sana dada. Sindano ya mgongo. Aliniambia mwenyewe alisikia wanagonga nyundo kama mafundi seremala na wanapiga stori za mpira. Dawa ya maumivu imeandikwa tramadol. Presha anayo, anakunywa kidonge cha kukojoza na kingine. Choo bado. Mpira wa mkojo upo tangu alipopokelewa. Miwani iko Mbagala.

#6 Kibaraza
Basi kesi ya nusu kaputi imefutwa. #2 na #3 mnaweza kuondoka mahakamani.

#7 Chai ya Rangi
Haijafutwa. Hata ukichomwa mgongo wanaweza kukuongezea dawa ya kukutuliza kwenye mshipa. Mwulize daktari wa usingizi kama alipewa.

#8 Daktari Mtarajiwa
Mimi bado mwanafunzi, sisemi kama bingwa. Ila suala la mgongo dhidi ya kulazwa limeshapimwa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2021, wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, nusu wakachomwa mgongo na nusu wakalazwa kabisa. Pande zote mbili karibu mmoja kati ya watano alichanganyikiwa. Kwa hiyo aina ya ganzi siyo mchawi anayetafutwa hapa. Jeraha lenyewe, umri, maumivu na kukosa usingizi vinatosha.

Mimi ningeitazama tramadol. Kwa wazee inaweza kuleta hali hii, na pia inaweza kushusha chumvi ya damu. Usiizuie mwenyewe lakini, maana maumivu yasiyotibiwa nayo yanachanganya mtu.

#9 Mwana Rungwe
Ugonile ndugu yangu.

Wasomi wameongea, mimi naongea ya nyumbani. Mzee akianza kupokea hela na marehemu mumewe, familia inakaa chini. Sisemi mganga. Nasema mkae, mwulizane kama kuna jambo liliachwa njiani: ugomvi wa shamba, ahadi ya matanga, mtu hajasamehewa. Mwiteni na mchungaji aombe. Hakuna dawa ya hospitali itakayogombana na maombi.

#10 Kibaraza
Mwana Rungwe, maombi sawa, lakini "mtu wa kuangalia" anayeletwa na mdogo wake huwa haji na Biblia tupu. Anakuja na chupa. Mgonjwa ana kidonda kibichi na anakunywa dawa za hospitali, umpe na mizizi?

#11 Mwana Rungwe
Nimesema sisemi mganga. Soma vizuri kabla hujapiga kelele.

#12 Mama Kijacho
Samahani, swali la kijinga. Anaongea lugha gani usiku?

#13 Mtoto wa Iyunga
Kinyakyusa kitupu.

#14 Mama Kijacho
Basi jamani robo ya ugonjwa imeshapona! Bibi yetu Mhaya alilazwa hapa Dar, ikaandikwa kwenye faili "anaongea maneno yasiyoeleweka". Alikuwa anaomba maji. Kihaya fasaha kabisa. Nesi wa Kizaramo angeelewaje?

#15 Mtoto wa Iyunga
Hahaha dada umenichekesha, sijacheka wiki hii. Lakini huyu namwelewa vizuri, anamwambia baba asikopeshe mtu.

#16 Chai ya Rangi
Kwa hiyo akili zimo. Asikopeshe.

#17 Binti wa Maskati
Pole kaka. Mamangu alifanyiwa operesheni ya utumbo Unguja, nikaomba ruhusa huku Maskati nikapanda ndege. Nilifika anamwona paka juu ya feni. Mimi ni mwanamke, kwa hivyo nililala naye wodini, na naamini hilo ndilo lililomsaidia kuliko dawa. Nilimvalisha miwani yake, nikamwambia kila saa leo siku gani, hapa ni wapi, mimi nani. Alfajiri nilifungua pazia mwanga uingie. Mchana nilimzuia asilale sana, tukapiga soga mpaka akanichoka. Na kila alipomtaja paka sikubishana naye, wala sikumwambia kweli yupo. Nilimwambia, "Mama, mimi simwoni, lakini niko hapa." Ukimbishia anapanda hasira.

Tafuta wifi au shangazi alale pale. Wewe huwezi.

#18 Nesi wa Zamani
#17 kasema kitu cha maana kuliko wengi humu. Na ile miwani ya Mbagala ifike leo, siyo kesho. Mtu haoni vizuri, taa hafifu, watu wa nguo nyeupe wanapita, mwenzake kitanda cha tatu analia. Ubongo unajaza mapengo wenyewe.

Kwenye majibu ya #5 kuna vitu viwili vimenikaa. Kidonge cha presha cha kukojoza kinashusha sodiamu, ile chumvi ya damu, kwa baadhi ya wazee, na ikishuka mtu anachanganyikiwa. Omba wapime damu. Halafu mpira wa mkojo uliokaa muda unaingiza maambukizi, na mzee mwenye maambukizi ya mkojo anaweza asipate homa kabisa, akaanza kuropoka tu. Na choo! Mzee ambaye hajapata choo kubwa siku kadhaa, halafu yuko kwenye tramadol inayofunga tumbo zaidi, usishangae lolote.

#19 Fundi Baiskeli
Ana sigara? Pombe? Nauliza kwa sababu baba yangu mdogo alilazwa mguu, usiku wa tatu akaanza kutetemeka na kupigana na manesi. Kumbe alikuwa mtu wa gongo kila siku na hakuna aliyewaambia madaktari. Hiyo ya kukatiwa pombe ghafla ni hatari, inaua.

#20 Mtoto wa Iyunga
Pombe hapana, mama ni Mmoravian wa kweli. Sigara hapana.

#21 Mtoto wa Iyunga
Narudi. Nimemwuliza mdogo wangu hilo swali la #19, kakaa kimya kidogo halafu kacheka. Bi mkubwa anavuta ugoro. Kila siku, asubuhi na jioni, kikopo kiko kwenye mfuko wa gauni. Mimi mtoto wake wa kwanza sikuwahi kujua.

#22 Kibaraza
MMORAVIAN WA KWELI 😂😂😂

#23 Mama Kijacho
Mwacheni mama wa watu. Bibi zetu wote walikuwa na kikopo.

#24 Daktari Mtarajiwa
Tumechekea lakini ni jambo la kumwambia daktari. Mtu aliyezoea nikotini miaka arobaini ukimkatia ghafla anakosa utulivu, anakosa usingizi. Siwezi kusema ndiyo sababu. Inaingia kwenye orodha.

#25 Mangi Mtoro
Kwa hiyo apelekewe ugoro wodini?

#26 Nesi wa Zamani
Mangi. Hapana.

#27 Simba wa Ilala
Mnaongelea vitu vidogo. Mimi mzee wangu alifunguliwa kifua pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Upanga. Nakumbuka enzi ambazo operesheni kama ile ulikuwa unaambiwa India. Akiwa chumba cha mahututi aliona mende ukutani, akatuambia sisi wote ni waigizaji tumelipwa. Daktari kule alitutahadharisha kabla, kwamba baadhi ya waliofunguliwa moyo huwa hivyo, msiogope. Ile tahadhari ilitusaidia sana. Kaka wa Iyunga hakupewa. Ndiyo maana uzi huu upo.

Ila nakuonya kitu kimoja. Usikubali kila kitu kiitwe "kuchanganyikiwa kwa wazee". Akipumua kwa shida, kifua kikimbana, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, mdomo ukienda upande au mkono ukakosa nguvu, hapo usiandike humu. Ita daktari muda huo huo. Nyonga inaleta damu kuganda.

#28 Kaka wa Kisauni
Poleni. Huku Mombasa mamangu naye alivunjika nyonga, akalazwa hospitali ya Makadara, bima ya NHIF ikalipa sehemu. Yeye hakuchanganyikiwa hata kidogo. Aliyechanganyikiwa ni mimi, na ile bili iliyobaki.

#29 Mwalimu wa Zamu
NHIF ya Kenya si ilishaondoka? Tangu Oktoba 2024 bima yenu ni SHA, mnakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. NHIF iliyobaki ni ya huku Bongo.

#30 Kaka wa Kisauni
Ndio bwana mwalimu. Mimi nazungumzia 2022.

#31 Mtoto wa Iyunga
Jamani nitoke nje ya mada kidogo, uzi ni wangu. Bosi wangu ananipigia kila siku. Nilipewa siku chache za dharura, zimekwisha. Hivi sheria inasemaje kuhusu kuuguza mzazi?

#32 Mwalimu wa Zamu
Hapa utachukia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku nne za malipo mtoto wako akiugua au akifariki, na pia akifariki mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Isome tena polepole. Mzazi yumo akifa. Akiugua, hayumo.

#33 Kibaraza
Duh. Kwa hiyo serikali inakusubiri ukazike.

#34 Wakili Mtaani
#32 yuko sahihi kwa kifungu kilivyoandikwa 2004, lakini sheria hiyo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, msome toleo la sasa kabla ya kugombana na bosi. Njia ya kawaida ni likizo ya mwaka, ambayo ni siku 28. Omba ikatwe vipande: wiki moja sasa, nyingine mama akishatoka. Andika barua na ambatanisha karatasi ya hospitali. Mabosi wengi wanaogopa karatasi.

#35 Dada wa Minnesota
Huku Marekani kuna sheria ya 1993 inayoruhusu hadi wiki 12 kumuuguza mzazi bila kufukuzwa, ila hazina mshahara, na siyo kila mwajiri anabanwa nayo. Nilizitumia mama alipofanyiwa operesheni Moshi. Naomba niseme jambo ambalo wengi hawatalipenda: sisi wa mbali tunakimbilia siku ya operesheni, na ndiyo siku tunayohitajika kidogo kuliko zote. Siku ile unakaa kwenye benchi unakunywa soda. Akitoka hospitali ndipo kazi inapoanza, na hapo likizo imeisha, kila mtu amerudi kwake, anabaki binti mmoja wa nyumbani na mgonjwa asiyeweza kwenda chooni. Kwangu mimi safiri siku ya kuruhusiwa.

#36 Simba wa Ilala
Siyo kweli kwa Bongo dada. Siku ya operesheni ndiyo ya kusaini fomu, kutafuta watu wa kuchangia damu, kukimbilia duka la dawa kununua kilichokosekana dirishani. Benchi na soda ni kwenu.

#37 Dada wa Minnesota
Mama alifanyiwa Moshi, siyo Minnesota. Damu walichangia vijana wa mtaani wala hawakunihitaji mimi. Kumwogesha ndiko hakuna kijana wa mtaani aliyejitolea.

#38 Fundi Baiskeli
Hapo kwenye kuogesha. Mtoto wa kiume anamwogeshaje mama? Naulizia mwenye uzi maana ndiye atakayekabiliana nalo.

#39 Mtoto wa Iyunga
Mdogo wangu ni wa kike, atamwogesha yeye. Mimi nimepewa kupika uji na kumnyanyua.

#40 Mangi Mtoro
Uji hauungi mfupa. Supu ya kongoro, kila siku, mpaka mifuko ya suruali inanuka kongoro.

#41 Nesi wa Zamani
Mangi, leo umeniamulia. Mfupa wenyewe uliovunjika umetolewa, mahali pake kuna chuma. Kongoro litaunga chuma? Kidonda kinataka protini: mayai, samaki, maharage, dagaa. Kongoro ale kama anapenda.

Mtoto wa Iyunga, kabla hajaruhusiwa tazama choo cha nyumbani. Kama ni cha kuchuchumaa, tatizo lako kubwa liko pale, siyo kwa marehemu. Wengi wanakatazwa kukunja nyonga kupita pembe mraba, kukunja nne, kukaa kigoda, kwa wiki kadhaa, nyonga isije ikachomoka. Unahitaji kiti cha choo chenye tundu, na godoro lililoinuliwa. Zulia la mlangoni toa. Ndala za kuteleza tupa.

#42 Binti wa Maskati
Mama yangu mkubwa alibadilishwa nyonga, daktari wake akasema akae atakavyo, asiogope. Sasa lipi ni lipi?

#43 Daktari Mtarajiwa
Inategemea wamepasua kwa mbele, ubavuni au nyuma, na wapasuaji wenyewe hawakubaliani. Aliyempasua ndiye aulizwe. Na siku ya kuruhusiwa msiondoke bila kumwona mtu wa mazoezi ya viungo awafundishe kutumia woka, kile kiegemeo cha kutembelea. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mbovu unatangulia.

#44 Mtoto wa Iyunga
Mrejesho wakuu.

Miwani imefika. Shangazi katoka Chanika, amelala naye. Mpira wa mkojo umetolewa, mkojo umepelekwa maabara, majibu bado. Damu imepimwa, sodiamu iko chini kidogo, daktari anasema siyo ya kutisha ila kile kidonge cha kukojoza amekisimamisha. Tramadol imepunguzwa, kapewa paracetamol ya kwenye mshipa. Choo kapata, hilo lilikuwa tukio la wodi nzima. Mchungaji alikuja jioni akaomba. Yule mtu wa mdogo wangu hakuja, simu yake haipatikani na hela ya nauli alishatumiwa.

Usiku bi mkubwa kalala. Kaamka mara moja, kamwuliza shangazi saa ngapi, kalala tena. Daktari kasema inaweza kurudi na kuondoka kwa siku kadhaa, tusishangae.

#45 Nesi wa Zamani
Namshukuru Mungu. Ni mpira wa mkojo, mtaona majibu.

#46 Daktari Mtarajiwa
Tramadol.

#47 Mwana Rungwe
Mchungaji kaja jioni, usiku kalala. Mimi sisemi kitu.

#48 Binti wa Maskati
Shangazi! Mtu wake kalala pembeni yake, mnatafuta nini kingine?

#49 Chai ya Rangi
Nusu kaputi imeisha muda wake, kama nilivyosema #2.

#50 Mama Kijacho
Shangazi anaongea Kinyakyusa?

#51 Mtoto wa Iyunga
Anaongea.

#52 Mama Kijacho
Nimemaliza.

#53 Fundi Baiskeli
Na ugoro je?

#54 Mtoto wa Iyunga
Shangazi naye ana kikopo. Sikuuliza, sitaki kujua.

#55 Kaka wa Kisauni
😂😂 Mgonjwa apone haraka ndugu. Hicho kiti cha choo mnapata wapi huko, nami namtafutia mamangu?

#56 Simba wa Ilala
Ninacho cha mzee, kizima, cha kukunja, miguu inarefuka. Nilikinunua duka la vifaa vya hospitali. Mtoto wa Iyunga njoo inboksi, sikuuzii, nakuazima mpaka bi mkubwa asimame. Kaka wa Kisauni wewe uko mbali, tafuta fundi wa kuchomelea akutengenezee cha bomba, ila mwambie asikifanye kifupi.